Mshtuko wa moyo hausubiri barua ya rufaa

MFUMO wa rufaa wa Tanzania umejengwa kama ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati, hupanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hatimaye hospitali ya taifa. Kila daraja lina daktari wake, barua yake na foleni yake.

Kwa magonjwa mengi ngazi hiyo inafaa. Humzuia mwenye mafua asichukue nafasi ya bingwa pale Muhimbili, na humpa mwananchi wa kijijini mahali pa kuanzia. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao hauwezi kupanda daraja kwa daraja, nao ni mshtuko wa moyo. Kabla barua ya pili haijaandikwa, sehemu ya moyo imekwisha kufa.

Hilo ndilo tatizo linaloikabili nchi ambayo, kwa kipindi kisichofikia miaka ishirini, imepiga hatua kubwa katika tiba ya moyo. Upasuaji wa kwanza wa kufungua kifua ulifanyika Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 ikaanzishwa rasmi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, na wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wakaanza kutibiwa Upanga, jijini Dar es Salaam. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza taasisi hiyo tangu mwanzo hadi mwaka 2022, alichaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, Kanda ya Afrika.

Taasisi ipo, mabingwa wapo, sifa ipo. Swali ambalo halijapata jibu ni namna taasisi hiyo itakavyounganishwa na mtu anayeshikwa na maumivu ya kifua usiku akiwa Kasulu, Namanyere, au hata Mbagala. Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kuwa jibu halianzii kwenye mitambo mikubwa. Linaanzia kwenye hospitali ndogo iliyo karibu na mgonjwa, simu, dawa na utaratibu unaojulikana na kila anayehusika. Kwa maneno mengine, linaanzia kwenye mtandao.

Kinachotokea kifuani

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa mmojawapo unaoupelekea msuli wa moyo damu unapozibwa ghafla. Aghalabu mafuta yaliyojikusanya katika ukuta wa mshipa kwa miaka mingi hupasuka, damu ikagandia pale, na bonge likaifunga njia. Msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo huanza kufa kwa kukosa hewa ya oksijeni.

Haufi wote mara moja. Hufa kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa, na sehemu iliyokufa hairudi. Ndiyo maana mabingwa wa moyo wana msemo kwamba muda ni msuli. Anayetibiwa ndani ya saa ya kwanza anaweza kurudi kazini akiwa na moyo wenye nguvu. Anayetibiwa kesho yake, akinusurika, anaweza kuishi na moyo usioweza kumpandisha hata ngazi za ghorofa ya pili.

Njia za kuufungua mshipa huo ni mbili. Ya kwanza hufanyika katika mtambo wa Cathlab. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, akalipanua eneo lililoziba kwa kibofu kidogo, kisha akaacha hapo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoizuia njia isijifunge tena. Ya pili ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hupitishwa kwenye mshipa wa damu kama inavyopitishwa dripu.

Dawa hizo si mpya. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1986, uliohusisha wagonjwa 11,712, ulionyesha kwamba dawa ya streptokinesi ilipunguza vifo kutoka asilimia 13 hadi 10.7, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopata dawa ndani ya saa ya kwanza. Miaka miwili baadaye ukafuata utafiti mwingine wa wagonjwa 17,187 katika nchi mbalimbali. Huo ulionyesha kuwa aspirini peke yake, kidonge kinachopatikana karibu kila duka la dawa, ilipunguza vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Ikitumika pamoja na streptokinesi, vifo vilipungua kwa asilimia 42.

Hizo ni habari za miaka ya themanini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uhai unaoweza kuokolewa haihitaji teknolojia ya kisasa kupita kiasi. Inahitaji mtu atambue ugonjwa mapema na awe na dawa mkononi.

Dakika 120 na ramani ya Tanzania

Miongozo ya kimataifa ya tiba ya moyo imeweka kanuni iliyo wazi. Mgonjwa mwenye dalili apimwe umeme wa moyo, kipimo cha ECG, ndani ya dakika kumi tangu akutane na mhudumu wa afya. Kipimo kikionyesha kuwa mshipa mkubwa umeziba kabisa, huulizwa swali moja: je, anaweza kufikishwa Cathlab na mshipa ukafunguliwa ndani ya dakika 120? Jibu likiwa ndiyo, apelekwe moja kwa moja. Likiwa hapana, apewe dawa ya kuyeyusha damu pale pale alipo, kisha asafirishwe.

Kanuni hiyo ikiwekwa juu ya ramani ya Tanzania, ukweli hujitokeza wenyewe. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtwara iko zaidi ya kilomita 500, na Kigoma iko mbali kuliko zote hizo. Hata Morogoro, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 190 tu, imekwisha kutoka nje ya dakika 120 ukijumlisha muda wa kutafuta gari, kujaza mafuta, kumwandaa mgonjwa na kuipita foleni ya kuingia jijini.

Wakazi wa Dar es Salaam wasijidhani wamesalimika. Mgonjwa wa Chanika, Bunju au Mbagala anayeshikwa saa kumi na moja jioni, siku ya kazi, akaanza kwa kupelekwa kituo kilicho jirani, akaambiwa aende hospitali ya wilaya, kisha akaandikiwa rufaa ya kwenda Upanga, anaweza kuzimaliza dakika hizo akiwa bado barabarani. Kilomita ishirini za mjini zinaweza kuwa ndefu kuliko sitini za barabara kuu.

Mitambo ya Cathlab haiko JKCI pekee. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma nayo inatoa huduma hiyo, na zipo hospitali binafsi zenye uwezo huo. Kila mtambo unaoongezeka ni neema. Hata hivyo, mtambo peke yake si huduma ya dharura. Ili uokoe mtu saa nane usiku, lazima bingwa, wauguzi na fundi sanifu wake wawe zamu au waweze kufika kwa dakika chache. Umeme usikatike, na stenti ziwe kabatini. Cathlab inayofanya kazi saa za ofisi huwahudumia wagonjwa wenye miadi, na mshtuko wa moyo hauna miadi.

Wasiopimwa hawaonekani

Wapo wanaosema kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na wa matajiri, kwa hiyo hauna haja ya mtandao wa kitaifa. Hoja hiyo ilijibiwa mjini Moshi.

Mwaka 2019 watafiti wa Hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwapima kwa utaratibu maalumu wagonjwa 681 waliofika katika idara ya dharura wakilalamikia maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Kila mmoja alipimwa ECG pamoja na troponini, protini ambayo huvuja kwenye damu pale msuli wa moyo unapoumia. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao hawakutambuliwa katika huduma ya kawaida. Walipewa majina ya magonjwa mengine. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamefariki dunia.

Takwimu hizo zinageuza mjadala mzima. Ugonjwa ulidhaniwa kuwa adimu kwa sababu haukutafutwa. Mgonjwa akiandikiwa kichomi, vidonda vya tumbo au presha, hahesabiwi miongoni mwa wagonjwa wa moyo. Asipohesabiwa, hatengewi bajeti. Bajeti isipotengwa, mashine ya ECG haipelekwi, na pasipo mashine hakuna atakayemtambua mgonjwa anayefuata. Mzunguko huo hauwezi kukatwa kwa kununua Cathlab, kwa sababu Cathlab humpokea mgonjwa ambaye tayari ametambuliwa.

Kitu kilichofuata Moshi nacho kina funzo. Watafiti hao hawakuanza na mitambo. Walibuni, pamoja na wahudumu wenyewe, kadi za kukumbusha hatua za kufuata, mafunzo mafupi, vipeperushi vya wagonjwa na wahamasishaji miongoni mwa madaktari na wauguzi wa zamu. Ni vitu ambavyo hospitali ya mkoa inaweza kuvimudu.

Funzo la Tamil Nadu

Nchi tajiri zina mitandao ya namna hii tangu zamani. Ureno, kwa mfano, ina njia maalumu ya wagonjwa wa moyo inayoanzia kwenye simu ya dharura namba 112, na kumpeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye Cathlab. Lakini mfano unaoifaa zaidi Tanzania uko India, katika jimbo la Tamil Nadu.

Jimbo hilo lilikuwa na watu wapatao milioni 72 kwa sensa ya mwaka 2011, idadi isiyo mbali sana na ile ya Tanzania, iliyohesabiwa kuwa milioni 61.7 mwaka 2022. Madaktari wa huko walizigawa hospitali katika makundi manne. Kila kundi lilikuwa na hospitali mama moja yenye Cathlab, ikizungukwa na vituo vidogo, jumla yake 35, visivyokuwa na mtambo huo. Vituo hivyo vilipewa vifaa vya kupima ECG na kutuma majibu kwa mtandao wa simu. Bingwa aliyasoma akiwa mbali, akaelekeza. Dawa ya kuyeyusha damu ilitolewa kituoni, na magari ya wagonjwa ya namba 108 yakamhamishia mgonjwa hospitali mama. Mpango wa bima wa serikali ya jimbo uliwalipia maskini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, yakihusu wagonjwa 2,420. Kabla ya mtandao, asilimia 17.6 ya wagonjwa walikuwa wamefariki katika kipindi cha mwaka mmoja. Baada ya mtandao, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 14.2. Ni kweli kwamba utafiti wa kulinganisha kabla na baada hauna uzito wa utafiti wa kura ya bahati nasibu, kwa kuwa mambo mengine huweza kubadilika katika kipindi hicho hicho. Hata hivyo, tofauti ya watu watatu katika kila mia, katika hospitali za kawaida za serikali na binafsi, si jambo la kubezwa.

Ipo tahadhari moja. Tanzania ni kubwa kwa eneo zaidi ya mara saba ya Tamil Nadu. Kunakili mfumo huo kama ulivyo, kwa kutegemea mgonjwa afikishwe haraka kwenye hospitali mama, kutawanufaisha wakazi wa miji michache. Hapa kwetu dawa inayotolewa wilayani lazima ibebe mzigo mkubwa kuliko gari.

Habari njema ni kwamba dawa hiyo inaweza kuubeba. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 1,892, uliwahusu watu waliofika mapema lakini wasingeweza kufikishwa Cathlab ndani ya saa moja. Waliopewa dawa kwanza, kisha wakasafirishwa, walipata matokeo yanayokaribiana na ya waliopelekwa Cathlab moja kwa moja. Takriban theluthi moja yao walihitaji kuzibuliwa kwa haraka kwa sababu dawa haikutosha. Wengine walikuwa na nafasi ya kusafiri kwa utulivu na kufanyiwa uchunguzi ndani ya siku moja.

Vipande vipo, uzi haupo

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya kisasa ya tiba ya dharura, na chuo cha MUHAS kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2021 mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19, uligharamia pia majengo ya dharura, vyumba vya uangalizi maalumu na magari ya wagonjwa. JKCI nayo imekuwa ikipeleka mabingwa mikoani kupitia huduma za tiba mkoba.

Zaidi ya hayo, nchi tayari imekwisha kujenga mtandao mmoja wa dharura, nao haukuwa wa moyo. Ni m-mama, uliobuniwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, ukaanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Simu hupigwa namba 115 bila malipo. Mhudumu wa kituo cha mawasiliano huuliza maswali yaliyopangwa, akaamua uzito wa tatizo, akatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Siri ya m-mama haiko katika ukubwa wa teknolojia yake. Iko katika uamuzi wa kumpeleka mama mahali anapostahili kutibiwa, bila kumlazimisha akanyage kila daraja la ngazi. Anayeamua ni mtu mmoja mwenye ramani mbele yake. Nauli haimsubirishi mgonjwa. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yanayokosekana kwa mgonjwa wa moyo.

Majirani nao wamethibitisha kuwa jambo hilo linawezekana. Rwanda ina huduma ya taifa ya magari ya wagonjwa, SAMU, tangu mwaka 2007, na namba yake ni 912. Namba moja inayojulikana na kila mtoto wa shule ni sehemu ya tiba.

Pingamizi zinazostahili majibu

Wanaosita wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza.

Ya kwanza inahusu usalama. Dawa ya kuyeyusha damu inaweza kusababisha damu kuvuja kwenye ubongo. Katika utafiti ule wa mwaka 2013, jambo hilo liliwapata asilimia 1.0 ya waliopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 0.2 ya waliopelekwa Cathlab. Kwa nchi yenye watu wengi wanaoishi na shinikizo la damu lisilodhibitiwa, hatari inaweza kuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo dawa hii haiwezi kugawiwa kiholela. Inadai orodha ya maswali ya lazima, kama vile iwapo mgonjwa amewahi kupata kiharusi au amefanyiwa upasuaji karibuni, na inadai bingwa anayeisoma ECG kwa mbali kabla sindano haijachomwa. Hapo ndipo JKCI inapoweza kuwafikia wengi kuliko wanaoingia milangoni mwake.

Ya pili ni gharama. Streptokinesi ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, ila hupitishwa taratibu kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, na inaweza kushusha shinikizo la damu. Dawa mpya zaidi huchomwa mara moja tu, lakini bei yake ni kubwa. Aidha, hospitali ya wilaya yenye wagonjwa wachache huweza kuona dawa ikiisha muda wake kabatini. Bohari ya Dawa, MSD, inaweza kupunguza hasara hiyo kwa kuizungusha dawa kati ya wilaya na mkoa kabla ya tarehe ya mwisho.

Ya tatu ni vipaumbele. Watoto bado wanakufa kwa malaria, na kina mama bado wanafariki wakijifungua. Je, ni haki kumwekea bima mtu mzima mwenye tumbo la kitambi? Hoja hiyo husahau mambo mawili. Kwanza, wanaoshikwa na mshtuko wa moyo ni pamoja na dereva, mwalimu na mama lishe ambao familia nzima inawategemea. Pili, simu, gari na chumba cha dharura havichagui ugonjwa. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya moyo utamhudumia pia mwenye kiharusi na kijana wa bodaboda aliyegongwa barabarani.

Ya nne, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote, ni desturi. Mtu akibanwa kifua huambiwa ni gesi, akanunua dawa ya kiungulia, akalala. Dalili nazo hazifanani kwa wote. Kuna anayehisi uzito kama wa gunia kifuani, maumivu yakashuka mkono wa kushoto au kupanda taya, jasho la baridi likamtoka. Kuna wengine, hasa wanawake, wazee na wenye kisukari, ambao huhisi kuishiwa pumzi, kichefuchefu au uchovu wa ghafla tu. Mtandao usioambatana na elimu kwa umma utakuwa na simu isiyopigwa.

Kinachoweza kuanza sasa

Mpango wa kitaifa hauna lazima ya kuanza nchi nzima kwa siku moja. Kanda moja yenye hospitali kubwa, hospitali zake za mikoa na wilaya kadhaa inatosha kwa kuanzia. Kila hospitali katika kanda hiyo ingehitaji mashine ya ECG inayofanya kazi, muuguzi wa mapokezi mwenye mamlaka ya kumpima mwenye maumivu ya kifua bila kusubiri daktari, aspirini, dawa ya kuyeyusha damu, na kifaa cha kuushtua moyo uliopoteza mapigo yake.

Juu ya hayo ingehitajika namba moja ya simu inayopokewa na bingwa usiku na mchana, pamoja na haki ya kumpeleka mgonjwa moja kwa moja panapofaa. Hapo pia inahitajika kanuni ya malipo. Dakika kumi za ECG haziwezi kutimia iwapo ndugu wa mgonjwa anaelekezwa kwanza dirisha la kufungua faili, kisha dirisha la kulipia kipimo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inafungua mlango wa kulimaliza suala hilo, mradi dharura ya moyo itajwe waziwazi katika mafao na hospitali zihakikishiwe kwamba zitalipwa.

Kanda hiyo ipimwe kwa tarakimu tatu, zitangazwe kila robo mwaka: dakika kutoka mgonjwa alipoingia getini hadi ECG ilipopimwa, dakika kutoka ECG hadi dawa ilipotolewa au mshipa ulipofunguliwa, na idadi ya walio hai baada ya siku 30. Tarakimu za majengo na mitambo hutangazwa kila mwaka bungeni. Hizi tatu ndizo zinazomhusu mwenye maumivu ya kifua.

JKCI imekwisha kuthibitisha kwamba Mtanzania anaweza kuzibuliwa mshipa wa moyo na daktari Mtanzania, nchini mwake. Kazi iliyobaki haina utepe wa kukata wala jiwe la msingi la kuweka, na huenda ndiyo sababu inachelewa. Ni kazi ya kuhakikisha kwamba tabibu wa zamu Kasulu, akishika karatasi ya ECG saa nane usiku, anajua ampigie nani, ana dawa ya kutoa kabatini, na hahitaji kuandika barua kwanza.